Saa ya Daktari Ngoja

Tulipomzika Mzee Wafula pale Bahati, watu walisimama mmoja baada ya mwingine kumsifu. Mzee wa kanisa alitaja michango yake, jirani akataja ng'ombe wake wa maziwa, na mjukuu mmoja mwenye tai akasoma karatasi ndefu ya Kiingereza ambayo marehemu mwenyewe angeisikiliza huku akisinzia. Hakuna aliyetaja jiko. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai nikaona ajabu, maana Wafula niliyemjua mimi alikuwa mtu wa jiko, mwenye aproni iliyokuwa nyeupe asubuhi na ya rangi zote jioni, na ulimi uliokata kuliko kisu chake. Tulimwita Mzee ingawa wakati ule hakuwa amefika hata arobaini. Nilifanya kazi naye mwaka mmoja tu, katika nyumba ya wazungu huko juu ya Bahati, katikati ya miaka ya hamsini, na mwaka huo ndio ulionifanya nikawa nilivyo. Habari za kwetu na jinsi nilivyofika pale nitaziacha. Kila mtu alitoka mahali. Acha nianzie mlangoni.

Mlango huo ulitenganisha chumba cha kulia na baraza ya nyuma. Upande wa ndani kulikuwa na zulia, kabati la sahani za kaure, saa ya ukutani na simu. Upande wa nje kulikuwa na sakafu ya saruji, ndoo, kuni, viatu vya bwana vyenye matope, na wagonjwa. Mimi nilisimama katikati, mguu mmoja kwenye zulia na mwingine kwenye saruji, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu kila asubuhi kabla sijarudi kwa mtoto wao niliyemlea. Simu yenyewe ilikuwa sanduku jeusi lililopigiliwa ukutani, lenye mpini wa kuzungusha ubavuni. Waya ilikuwa moja kwa mashamba yote ya upande ule. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, yetu miwili mirefu na mmoja mfupi, lakini mlio wa mmoja ulisikika kwa wote, na aliyetaka kujua habari za jirani aliinua tu mkono wa simu polepole akatega sikio. Wote walifanya hivyo, na wote walijua kwamba wote wanafanya. Adabu yao ilikuwa moja: ukisikiliza, usiseme. Ubaya ni kwamba kila mkono ulioinuliwa ulipunguza nguvu za waya, kwa hiyo habari ikiwa tamu sauti ilififia. Wafula alikuwa akisema kwamba wazungu wameagiza mtambo ghali kutoka ng'ambo ili wafanye jambo ambalo wanawake wetu wanalifanya bure mtoni.

Kila asubuhi baada ya kifungua kinywa, daktari mmoja mjini Nakuru alikaa karibu na simu yake, na mashamba yakampigia kwa zamu. Barabara zilikuwa za udongo, na mvua ikinyesha hazikupitika. Tena ulikuwa wakati mbaya, wakati wa hali ya hatari, wa vizuizi vya polisi njiani, na Mkikuyu hakuweza kutoka shambani bila karatasi ya ruhusa. Basi ugonjwa ulitibiwa kwa waya, na ugonjwa wenyewe ulikuwa karibu kila mara ule ule: mafua, koo, masikio, kikohozi, kifua. Daktari hakuwa mtu wa dawa nyingi. Alikuwa na maswali yake, na baada ya majuma machache niliyajua kama ninavyoujua wimbo wa kanisani. Ananyonya? Analala? Anacheza? Anapumua mbio? Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi? Midomo ina rangi gani? Majibu yakiwa mema, alisema mtoto apewe kinywaji cha moto mara kwa mara, asifungiwe kwenye moshi, asifunikwe manguo, na mngoje siku chache. Ndiyo sababu vibarua walimwita Daktari Ngoja.

Memsahibu, mke wa bwana, hakumpendea hilo. Alikuwa na sanduku la bati lenye vidonge vya salfa na chupa ya dawa nyekundu ya kikohozi, na alitamani kulifungua. Mimi pia nilimdharau yule daktari. Daktari gani anayenyima watu dawa? Leo, baada ya kufanya kazi ya uuguzi katika wodi ya watoto mpaka nikastaafu, nasema alikuwa sahihi mara nyingi kuliko alivyosifiwa. Mafua mengi yanaondoka yenyewe yakishachoka. Nimewaona kina mama waliofunga safari kutoka Naivasha na mtoto mwenye makamasi tu, wakakasirika kupewa maneno badala ya chupa, na nikajiona mimi mwenyewe nikiwa msichana pale mlangoni. Kungoja si ujinga. Ila anayengoja lazima aambiwe ukweli kuhusu anachokingoja, na hapo ndipo palipokuwa na shida.

Maneno yalisafiri hivi. Daktari alimwuliza memsahibu kwa Kiingereza, memsahibu akaniuliza mimi, mimi nikamwuliza mama aliyeketi barazani kwa Kiswahili, kisha jibu likarudi kwa njia ile ile. Hakuna kibarua aliyeingia ndani, kwa sababu memsahibu alikuwa na mtoto mchanga na aliogopa vikohozi. Siku yangu ya kwanza aliniambia kwamba msichana aliyenitangulia alifukuzwa kwa kuongeza maneno yake. Nilitakiwa nitafsiri lililosemwa, basi. Nilihitaji kazi ile, kwa hiyo nikawa bomba: maji yakiingia huku, yanatokea kule.

Sasa nieleze jambo ambalo daktari hakulijua, na memsahibu hakulijua, na sisi tulilijua mno hata hatukuliona. Kina mama wale walijua wanakwenda kwa daktari. Kwamba daktari yuko Nakuru na hawezi kuona hata ukuta wa nyumba, hilo halikuwahusu. Kwenda kwa daktari ni kwenda kwa daktari. Basi waliamka na giza, wakamwogesha mtoto mgonjwa kwa maji baridi ya mfereji, wakampaka mafuta mpaka akang'aa, wakamvalisha nguo ya Jumapili. Na walipoulizwa mtoto yukoje, walijibu kama mtu mwenye adabu anavyojibu. Kwanza unasema hajambo, halafu, ukibembelezwa, ndipo unataja taabu, tena kwa kuipunguza. Humtupii mtu shida usoni akiwa bado hajamaliza kukusalimu. Juu ya hayo kulikuwa na hofu, kwa sababu mwanamke aliyesema mtoto wake ni mgonjwa sana alihesabiwa kuwa anataka kuhepa kuchuma maua ya pareto. Kwa hiyo kila lililotoka barazani kwenda Nakuru lilikuwa habari njema.

Tulipomaliza saa ya daktari, mimi na Wafula tulikunywa chai jikoni. Alikuwa ananiwekea maganda ya mkate aliyokata kwenye sandwichi za memsahibu, na mafuta ya nyama ya jana, tukachovya. Jiko lile la kuni halikuzimika, na katika baridi ya Bahati sijapata mahali pazuri kuliko pale. Hapo ndipo Wafula alipotoa hukumu zake. Alisema daktari ni mtu mwerevu, lakini anauliza kama askari, na sisi tunajibu kama wageni wa harusi, wataelewana wapi? Nilicheka. Nilidhani ananitania tu.

Mwezi wa saba ulikuja na ukungu ambao haukuondoka hadi karibu na adhuhuri, na kambi nzima ya vibarua ikakohoa. Kati ya kina mama waliokuja alikuwamo Nyambura, mchumaji wa pareto, msichana wa rika langu ambaye nilipenda kukaa naye Jumapili. Yeye na mumewe Njoroge walikuwa wameshamzika mtoto mmoja. Wa pili, Wanja, alikuwa bado hajaanza kutambaa, na Nyambura alimbeba kama mtu anayevuka mto na moto mkononi. Alipokuja mara ya kwanza mtoto alikuwa na mafua tu. Anatabasamu, ananyonya, anavuta shanga zangu. Daktari alisema ngoja, na hata leo ningesema vivyo hivyo.

Siku chache baadaye akarudi. Asubuhi hiyo waya ilikuwa imejaa masikio, kwa sababu kulikuwa na uvumi kwamba mke wa jirani mmoja amehamia chumba cha wageni, na kila nyumba ilitaka kumsikia akimweleza daktari kwa nini halali. Daktari alisikika kama yuko ndani ya pipa. Memsahibu alikuwa amekasirika tayari. Akaniambia niulize mtoto wa Nyambura anaendeleaje.

"Mtoto iko mzuri tu," Nyambura akajibu. "Inakohoa kidogo."

Nikatafsiri kama nilivyosikia. Memsahibu akapaza sauti kwenye simu, akasikiliza, akauliza tena, mwisho akaniambia daktari amesema waendelee kungoja. Maswali mengine sijui kama yaliulizwa. Kama yaliulizwa, yalipotelea njiani. Akarudisha mkono wa simu mahali pake, na papo hapo yule mke wa jirani akashika zamu yake.

Niliinama kumwambia Nyambura. Mtoto alikuwa ameoga, nywele bado na maji, kitambaa cheupe kichwani. Nikamwuliza kama ananyonya. Akasema jana alinyonya. Na leo? Akaanza kulipanga shuka ambalo halikuwa na haja ya kupangwa, akasema leo amelala. Lakini mtoto alikuwa macho. Alikuwa ananitazama bila kunitazama. Nikafunua shuka nikaona ngozi chini ya mbavu ikizama kila anapovuta pumzi, na pua zikicheza, na mwisho wa kila pumzi kulikuwa na mlio mdogo wa kuguna, kama mtu anayeinua mzigo. Yote yalikuwa ni yale maswali. Nilikuwa nimeyauliza mwaka mzima bila kuona jibu lake hata mara moja, na sasa lilikuwa mbele yangu lote. Niliogopa. Niliogopa kwa ajili ya mtoto, na pia, sitaficha, kwa ajili ya mshahara wangu. Wafula alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na birika mkononi.  Aliusukuma ule wa chumba cha kulia kwa mguu ukafunguka wazi.

"Memsahibu," nikasema kwa Kiingereza changu cha misheni, "nimesema alichosema. Sasa naomba niseme nilichoona."

 Nilikuwa tayari kusikia nifungashe. Badala yake memsahibu aliinuka, akapita karibu nami, akavuka kizingiti akatoka barazani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya saa ya daktari. Akapiga magoti kwenye saruji akafunua shuka mwenyewe. Kumbuka alikuwa na mtoto wa umri ule ule ndani. Uso wake ulibadilika, na wakati huo nilimpenda, ingawa kabla ya hapo sikumpenda na baadaye tuligombana tena kwa mambo mengine.

Akarudi kwenye simu akainua bila kupiga mlio. Jirani yule alikuwa bado anaeleza usingizi wake. Memsahibu akamkatiza, akasema ana mtoto anayekufa na anamtaka daktari, kisha akasema kwa upole uliotisha kwamba anawaomba wote wengine waweke simu chini.  Halafu, hata mimi niliyesimama hatua chache nilisikia, tak, tak, tak, mashamba yakiondoka moja moja kwenye waya. Sauti ya daktari ikaja safi kama yuko chumbani. Alisema mtoto aletwe karibu na simu amsikie.

Memsahibu akatazama zulia, akatazama mlango, akasema, "Mlete ndani."

Nyambura alifuta miguu kwenye gunia, akaifuta tena. Alipoingia alitembea pembeni, akilikwepa zulia. Tulipofika kwenye simu alifanya kitu ambacho mama yeyote aliyelelewa vizuri angekifanya katika nyumba ya wenyewe. Alimfunika mtoto mdomo kwa shuka asipige kelele.

"Mwachilie," nikamwambia. "Daktari anataka kumsikia."

"Hii ni nyumba ya watu," akaninong'oneza.

"Nyumba ni ya watu, Nyambura. Mtoto ni wako."

Akaondoa shuka. Memsahibu alivuta waya ya simu ikafika mwisho wake, akapiga magoti tena, akashika mkono wa simu mbele ya mdomo wa Wanja.  Saa ya ukutani ilisikika, na ule mguno mdogo, na baada yake mguno mwingine. Kisha memsahibu akaweka simu sikioni, na daktari akasema huyu hawezi kumtibu kwa waya, wamlete sasa hivi.

Bwana alikuwa amekwenda na lori tangu alfajiri, na yeye ndiye aliyekuwa akiandika ruhusa. Ilibaki pikapu. Memsahibu alimkabidhi mtoto wake mikononi mwangu, akachukua funguo. Njoroge alifika mbio kutoka shambani, jembe bado begani, akashika mlango wa gari. Memsahibu akamweleza kwamba mama na mtoto watapita naye kwenye kizuizi, lakini mwanamume wa Kikuyu bila karatasi atashushwa, na mabishano yatawapotezea wakati. Hakuwa anamtisha. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Njoroge alisimama na mkono kwenye mlango ule, akamtazama mtoto, halafu akaachilia. Nyambura alikuwa anapanda nyuma kama ilivyo desturi, memsahibu akamfungulia mlango wa mbele. Gari likaingia kwenye ukungu.

Siku ile ilikuwa ndefu. Bwana alirudi, akaambiwa, akanung'unika kuhusu matairi, akala peke yake. Ikaja habari kwamba memsahibu atalala mjini kwa rafiki yake kwa sababu haikuwa salama kuendesha gari jioni, lakini kuhusu mtoto haikusema chochote. Wafula alipika ugali mkubwa kuliko kawaida, akaweka nyama ya bwana, nyama yenyewe si mabaki, akampelekea Njoroge. Sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Wafula aliifunika akaiweka juu ya jiko, ikakaa hapo, na hakuna aliyeigusa.

Asubuhi iliyofuata, baada ya kifungua kinywa, simu ililia. Miwili mirefu, mmoja mfupi. Bwana alikuwa zizini. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kuigusa simu hata kwa kuifuta vumbi. Nilimtazama Wafula. Wafula alikuwa anakanda mkate.

"Inua," akasema. "Mimi nina mikono ya unga."

Nikainua. Sauti ilikuwa mbali kabisa, nikajua hakuna shamba hata moja lililobaki nje ya waya ile. Daktari aliuliza nani. Nikasema ni yaya. Akaacha Kiingereza akahamia Kiswahili chake cha kizungu, akasema kitu kuhusu baba wa mtoto, na kingine sikukishika. Nikamwomba arudie. Akarudia, akapaza sauti, nami nikasikia upepo tu. Machozi yalikuwa yananitoka kwa hasira. Nilitaka kuwaambia waweke chini, lakini mimi ni nani wa kuwaambia? Ndipo sauti ya mwanamke ikaingia katikati, karibu sana, kutoka shamba ambalo mpaka leo silijui. Mtu aliyekuwa akisikiliza alisema, taratibu, neno kwa neno:

"Anasema mwambie baba yake mtoto ananyonya."

Nilimwachia Wafula mtoto wa memsahibu, unga na yote, nikakimbia. Pareto ilikuwa na umande hadi magotini. Njoroge alikuwa anapalilia mwisho wa shamba, na aliponiona nakimbia alisimama wima akaliweka jembe mbele yake kwa mikono miwili. Nikamwambia. Hakusogea.

"Nani nasema?"

"Daktari."

"Kwa simu?"

"Kwa simu."

Akatikisa kichwa. Simu ilikuwa imemwambia angoje, naye alikuwa amengoja.

"Yeye ameona mtoto na macho?"

"Ameona na macho, Njoroge. Amemshika na mikono yake."

Ndipo alipoliachilia jembe. Alikaa chini kati ya mistari ya pareto akalia bila kujifunika uso, mtu mzima, mchana, mbele ya msichana. Nikakaa kwenye matope karibu naye mpaka akamaliza.